Vivuli Viache Kidogo

Chumba hiki, nyuma ya soko la Memorial,
kilikuwa studio ya mama.
Ukutani bado upo mlima aliouchora fundi mmoja wa Pasua,
theluji yake nyeupe mno, kona moja imeliwa na panya.
Maharusi walisimama hapo, na watoto wa kipaimara,
mama akiwamwagia taa usoni,
akifuta chunusi kwa ncha ya penseli,
akiongeza kivuli chini ya kidevu
ili mtu atoke na taya ambayo hakuzaliwa nayo.

Leo zipo komputa sita, feni zinakoroma,
na kazi yangu ni kinyume:
mimi napunguza.

Aikande aliingia Jumanne, pini bado ziko kwenye kola,
katoka cherehani moja kwa moja.
"Nakufa kabla sijamwona," alisema.
"Nageuka, picha inakwama, ikizinduka mimi ni maiti.
Na Jumamosi tunacheza na wale wa Sakina."

Nikafungua mipangilio.
Majani yanayopepea, zima.
Maji yanayorudisha mawingu, zima;
nani anapigana huku akitazama mawingu?
Na ule ukungu wa mwendo,
unaoipaka dunia kama rangi mbichi kila ukigeuza shingo,
huo ulipaswa kuzimwa kabla ya salamu.
Vivuli navyo, vyote, nikavifagia.
Kuta zikabaki tupu kama nyumba iliyohamwa.
Fremu arobaini na moja zikawa tisini,
zikawa mia na thelathini,
feni ikashusha pumzi.
Uzuri wa mkakasi, nilimwambia,
ndani kipande cha mti.

Kioo chenyewe kilikuwa kimelala kwenye hezi sitini
tangu kitoke kwenye boksi.
Kinaweza mia na arobaini na nne.
Hakuna aliyewahi kukiuliza.

Kipanya nikakipunguza kasi
mpaka akalazimika kucheza toka begani,
mkono mzima,
kama anayekata kitenge juu ya meza ndefu.
Akacheka. "Hii naijua."

Mama akaja na chupa ya chai, akasimama nyuma yetu.
"Mmeivua picha nguo."
Ili ikimbie, mama.
Akatazama raundi tatu.
Haelewi kwa nini aliyekufa anafufuka bila msiba,
na alitaka nimwongezee adui mwanga usoni,
eti amefifia kama picha ya kitambulisho.
Kisha akaweka kidole kwenye kioo, kikaacha alama ya mafuta:
"Huyu mnayemtafuta, kivuli chake kiko wapi?"
Nimekizima.
"Basi mmemsaidia kujificha."

Nilikunywa chai kwanza.
Halafu nikarudisha vivuli, vya kati, si vya juu.
Tukapoteza fremu kumi na moja,
tukazihesabu kama ushuru wa soko.

Mtu akajibana nyuma ya kona, mwili hauonekani,
lakini kivuli kimemtangulia sakafuni,
kirefu, hakijui kubisha hodi.
Aikande hakungoja mwenyewe afike.

Jumamosi tulifungwa, kumi na tatu kwa kumi na moja.
Ningependa kusema ni umeme, au mtandao.
Mtandao ulikuwa mzuri.
Kuna kijana wa Sakina anayesikia nyayo
kama paka anavyosikia kifuniko cha sufuria.

Aikande akavua spika za masikioni,
akakaa akikitazama kioo kilichozimika.
Ndani yake, nyuma ya uso wake, ilionekana ile theluji,
nyeupe, imekaa palepale anapolenga.
"Mlima wa mama yako," alisema,
"unaweza kuuzima?"

Huo hauna mipangilio.
Nikashika meza upande mmoja, yeye akashika wa pili,
tukaigeuza.